Shahidi wa Mchota Maji

Hallunda, Stockholm, 8 Septemba 2024

Babu Eliakim, shikamoo.

Safari hii nimeanza na salamu. Barua yangu ya mwaka jana uliirudisha imejaa wino mwekundu, na juu kabisa umeandika: "Hata mwizi hubisha hodi." Ninayo bado, iko ndani ya daftari langu la hesabu.

Naandika kwa mkono kwa sababu najua masikio yako yamestaafu na simu kwako ni kelele tu. Pia kwa sababu Mwalimu Évode, Mrundi anayetufundisha Kiswahili kila Alhamisi baada ya masomo, amesema amechoka na insha zetu. "Mwandikieni mtu anayewangoja," alituambia. Nikakukumbuka wewe.

Sasa shida yangu. Shuleni tumeanza falsafa. Mwalimu Axel aliweka vikaratasi ndani ya kofia, kila mmoja akaokota mwanafalsafa wake wa Kigiriki, na Desemba kila mtu atasimama mbele ya darasa dakika kumi kumweleza. Rafiki yangu Eve akaokota Sokrates. Mimi nikaokota mtu anayeitwa Kleanthes. Mmoja darasani akauliza, "Nani?" Wakacheka, na mimi nikacheka nao ili nisionekane.

Unanijua, Babu. Nikisimama mbele za watu, sauti inakwenda kujificha tumboni.

Nimesoma kidogo. Huyu Kleanthes alikuwa bondia. Alifika Athene miaka mia tatu hivi kabla ya Kristo, mikono karibu mitupu, akawa mwanafunzi wa Zeno, mkuu wa wale wanafalsafa walioitwa Wastoa. Ili aishi alichota maji usiku, akamwagilia bustani za watu, na mchana akasoma. Jina lake la utani likawa mchota maji. Tena alikuwa mzito wa kuelewa, wenzake wakimwita punda. Akawajibu: sawa, ni punda, maana ni mimi peke yangu ninayeweza kubeba mzigo wa Zeno.

Wewe ni nshomile, msomi wa Kihaya, umesoma kila kitu. Umewahi kumsikia?

Baba na mama ni wazima, wanakusalimu.

Mjukuu wako,
Benedicta


Kamachumu, 27 Septemba 2024

Mama yangu Benedicta,

Marahaba. Na mimi nakuamkia: shikamoo, Mama.

Usishangae. Tangu baba yako akupe jina la mama yangu mzazi, wewe ndiye mama yangu, na mimi ni mtoto wako mwenye mvi. Marehemu alikuwa mtu pekee chini ya jua aliyeweza kuniambia, "Eliakim, umekosea," nami nikanyamaza. Kwa hiyo usiniandikie kwa woga. Makosa yako safari hii ni kumi na moja tu.

Huyo Kleanthes simjui. Namjua Sokrates, na yule mwingine aliyelala kwenye pipa. Mchota maji! Na sisi tulikuwa na wa kwetu, Nathaniel, aliyepandisha maji ya shule kutoka chemchemi kwa miaka thelathini, mpaka bomba lilipofika. Hakuna aliyemwita mwanafalsafa. Tulimwita Ndoo.

Lakini sikiliza jambo kubwa. Tarehe 30 Novemba shule yetu inatimiza miaka hamsini. Mimi ndiye mwalimu mkuu wa kwanza, nitakaa mbele, kwenye kiti chenye mto. Kila mwanzilishi ataeleza uzao wake umefika wapi. Jirani yangu ana mtoto daktari Mwanza, na tangu mwaka 1998 hatujapumua kwa majigambo yake. Mimi nina mhandisi wa ndege Ulaya! Ila nikisema mwenyewe watanicheka: Mhaya huyo, ameanza kujisifu. Nataka shahidi. Niandikie ukurasa mmoja kuhusu kazi ya baba yako, anatengeneza ndege za namna gani, ana watu wangapi chini yake. Mwalimu mkuu wa sasa, Bi Ziada, atausoma mbele ya umati. Kando yangu nimeagiza kiti kitupu chenye jina la baba yako, Gervas.

Usikawie. Posta ni kobe.

Mtoto wako mtiifu,
Mwl. Eliakim Mutalemwa (mstaafu)


Hallunda, 13 Oktoba 2024

Babu, shikamoo.

Barua yako niliisoma ndani ya treni nikitoka shule. Nikapitiliza Hallunda, nikaenda hadi mwisho wa reli, nikakaa kwenye benchi mpaka treni mbili zikaondoka.

Kuhusu kazi ya baba, nitaandika. Kwanza nikusimulie Kleanthes alivyoitwa barazani.

Watu wa Athene walimwona kijana ana kifua na mikono ya bondia, anashinda kwa Zeno mchana kutwa, hana shamba, hana duka. Wakaulizana: huyu anakula nini? Kwao lilikuwapo baraza la wazee lenye haki ya kumuuliza mtu hivyo. Akaitwa ajieleze. Angeweza kutoa hotuba, si ni mwanafalsafa? Hakutoa. Alileta mashahidi wawili, mwenye bustani ambaye yeye alimchotea maji na mama mmoja ambaye yeye alimsagia unga. Wale wakasema walichokiona kwa macho yao, basi. Wazee wakapendezwa hata wakataka kumtuza, lakini Zeno akamkataza asipokee.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu. Sijui kwa nini. Au najua.

Babu, swali dogo tu. Nani alikuambia kwamba baba ni mhandisi?

Mjukuu wako,
Benedicta


Kamachumu, 26 Oktoba 2024

Mama, shikamoo.

Nani aliniambia? Nani tena kama si Gervas mwenyewe! Barua yake ya Mei 2005 iko hapa mezani: "Baba, nimepata kazi uwanja wa ndege wa Arlanda, nashughulika na ndege." Mtu amekwenda Ulaya kusomea mitambo, sasa anashughulika na ndege, atakuwa nani, mpishi? Nikamjibu: hongera, Mhandisi. Hakunikanusha. Miaka kumi na tisa naandika "Mhandisi Gervas" juu ya bahasha, na bahasha zinafika.

Habari za unga na bustani tuwaachie Wagiriki. Kamati imeshachapa ratiba, na jina lako limo: "Ushahidi kutoka Stockholm." Mimi ninachohitaji ni huo ukurasa.

Mtoto wako anayengoja,
Eliakim


Juu ya meza ya jikoni, Jumamosi 9 Novemba, asubuhi

Benedicta mwanangu,

Nimerudi kutoka kazini umelala. Nilipoinua sahani nikakuta rasimu zako mbili za barua ya Babu. Samahani, nimezisoma. Kila siku nakusemesha Kiswahili unanijibu Kiswidi, nikadhani lugha imekutoka. Kumbe ulikuwa unaiweka akiba.

Tuma ile ya kwanza, inayosema mhandisi.

Uelewe ilivyokuwa. Nilikuja kusoma, mwaka wa pili nikaanguka mitihani, shahada ikanipita. Nikapata kazi ya kusafisha ndege, nikamwandikia Babu kwamba nashughulika na ndege. Huo haukuwa uongo. Yeye ndiye aliyenipandisha cheo. Na kwetu mtoto hamsahihishi baba yake, hata akikosea jina la mtoto. Nikasema nitangoja siku nzuri nimwambie. Ukazaliwa, ukaota meno, ukaanza shule, siku nzuri haijafika.

Na wewe usijitese. Najua hali yako. Siku ile ya kikao na Mwalimu Axel nilikuja moja kwa moja kutoka zamu, ukaniambia mlangoni, kwa Kiswidi, nivue koti la njano la kazi. Sikukasirika. Nililikunja nikalitia kwenye mfuko wa duka. Sitaki ulitoe mfukoni mbele ya watu wa Kamachumu wote.

Chakula chako kiko kwenye friji, chungu cha bluu.

Baba


Hallunda, 10 Novemba 2024

Babu, shikamoo.

Kabla ya yote: isome barua hii kwanza wewe peke yako. Ukiona haifai, itie jikoni na kuni. Sitakasirika.

Ulisema ni mama yako tu aliyeweza kukuambia umekosea. Baba hawezi, yeye ni mtoto wako. Mimi naweza, jina hili ulilipenda mwenyewe. Basi leo naandika kama mama yako.

Eliakim, umekosea. Gervas si mhandisi. Gervas ni msafishaji wa ndege.

Ushahidi wangu ni huu. Jioni anapanda treni hapa Hallunda, anavuka Stockholm nzima hadi Märsta, kisha basi hadi uwanjani. Zamu moja ni ndege nane, na mwaka mmoja una zamu kama mia mbili na ishirini. Abiria wakishuka yeye anapanda. Anaokota, anafuta, anasugua mpaka vyoo, na mwisho anapita kiti kwa kiti akikunja mikanda ikae msalaba. Abiria anayefuata ataukalia mkanda ule bila kujua nani aliukunja. Mezani kwetu anapanga uma na kisu hivyo hivyo, na mama yangu, Josephine, anamtania: "Gervas, hapa haturuki leo."

Asubuhi analeta magazeti yaliyoachwa kwenye viti, ambayo yangetupwa. Kwa magazeti hayo nilijifunza kusoma Kiingereza. Akiwa na macho mekundu ya usingizi alinifundisha hesabu zote za darasa la tisa. Ile mitambo aliyoanguka chuoni, mimi niliielewa kwa mdomo wake.

Kleanthes, yule mchota maji wa Athene, aliamini kwamba dunia nzima ni mwili mmoja ulio hai, una akili yake, na busara ni kwenda nayo kwa hiari badala ya kukokotwa. Aliamini kitu chema ni kimoja tu, namna mtu anavyotenda. Cheo, sifa, hata afya, vyote ni nguo. Siku moja upepo ulipeperusha joho lake, watu wakaona ndani hana shati. Hawakumzomea, walimpigia makofi.

Mimi nilimwambia baba yangu avue koti lake la kazi kabla mwalimu hajamwona. Yeye anasema hakukasirika. Nilitaka kuandika hapa kwamba sikuwa naona aibu. Nimefuta mara tatu. Niliona aibu, Babu. Sasa aibu hiyo ndiyo inayonitia aibu.

Zeno alisema Kleanthes ni kama kibao cha nta ngumu: kukiandika ni taabu, lakini kilichoandikwa kinadumu. Mimi pia ni mzito. Imenichukua miaka kumi na saba kuliandika hili. Natumaini litadumu.

Kama shule yenu inauliza uzao wako umefika wapi, mwanao amefika kazini kila siku kwa miaka kumi na tisa. Mimi ni shahidi.

Mama yako,
Benedicta


Kamachumu, 22 Novemba 2024

Mama, shikamoo.

Bahasha imefika, nene! Sijaifungua na sitaifungua. Nimewatangazia wote kwamba itapasuliwa siku yenyewe mbele ya umati, asije mtu akasema nimeitunga. Jirani yangu tangu jana hali chakula vizuri.

Mtoto wako mwenye furaha,
Eliakim


Hallunda, 4 Desemba 2024

Babu, barua yako ya tarehe 22 imefika leo. Tafadhali niambie uliifungua mapema, peke yako. Baba nimemwambia nilichokuandikia, naye amewapigia simu watu wanne wa huko, na wote wanamjibu neno moja: "Mzee atakuandikia." Nimesahau kukuamkia. Shikamoo.

Benedicta


Kamachumu, 5 Desemba 2024

Mama, shikamoo.

Nimekaa siku nne bila kushika kalamu. Nilikasirika. Nakuambia kwa kuwa wewe ni mama.

Siku yenyewe ilikuwa hivi. Nimevaa suti ya bluu. Bi Ziada akapasua bahasha. Mimi sisikii, unajua, kazi yangu ilikuwa kutazama nyuso na kutabasamu. Aliposoma kidogo tu akasita, akaniangalia. Nikampungia fimbo: soma, soma! Naambiwa alisoma hata pale ulipoandika nisome peke yangu. Watu wakatulia kimya. Nikajisemea, hiyo ndiyo heshima ya mhandisi. Nikawa natikisa kichwa kila sentensi, kama mtu aliyeitunga. Jirani yangu akajishika mdomo. Nikamnong'oneza, na wanasema mnong'ono wangu hufika kanisani: "Umesikia hayo?"

Kisha Bi Ziada akashuka, akaenda nyuma kabisa walikokaa wapishi, akamshika mkono Nathaniel, yule mchota maji wetu, akamleta mbele, akamkalisha kwenye kiti cha Gervas. Kiti chenye jina! Nikamgongea fimbo kwenye kile kibao cha jina. Akanitabasamia tu, mikono juu ya magoti. Hapo umati ukasimama, makofi, vigelegele. Nami nikasimama nikainama kulia na kushoto.

Jioni, nyumbani, ndipo nikasoma.

Nikatafuta wa kumkasirikia. Siku ya kwanza Gervas, siku ya pili wewe. Siku ya tatu nikatoa kasha la barua zake zote nikamtafutia ushahidi wa uongo wake. Nimezisoma zote, na taa, na miwani miwili. Neno "mhandisi" halimo. Hata mahali pamoja. Lilikuwa likiishi juu ya bahasha zangu.

Siku ya nne nikaenda kwa Nathaniel. Nilimwita Ndoo miaka thelathini, nikagundua sijui hata jina la baba yake. Nikamuuliza. Akanijibu kwa sauti ya kunifaa mimi, kuku wakakimbia. Tukala senene, wale panzi wetu wa kukaanga, mpaka jua likazama.

Lakini usidhani nimeacha kujisifu. Nimekaa na kalamu: ndege nane, mara zamu mia mbili na ishirini, mara miaka kumi na tisa. Ni ndege elfu thelathini na tatu, mia nne na arobaini. Nimemuuliza jirani daktari wake amepanda ndege ngapi. Mbili, na moja alitapika.

Humu ndani kuna barua ya baba yako. Usiifungue, mpe mkononi. Juu yake nimeandika jina lake tu.

Na jambo la mwisho. Ukutani sebuleni nimeacha nafasi tangu mwaka 2003, ya picha ya Gervas na joho la chuo. Msumari umeota kutu. Nataka picha yake na lile koti la njano. Asilivue.

Mtoto wako, aliyekosea,
Eliakim


Hallunda, 20 Desemba 2024

Babu, shikamoo. Na kama mama yako: hujambo, mwanangu?

Barua yako imefika jana. Ya baba nilimpa mlangoni, akaisoma amesimama, viatu miguuni. Hajaniambia uliandika nini, na sikumuuliza.

Lakini ujue kwamba kabla haijafika, kabla sijajua kama utatusemesha tena, tarehe 17 ilikuwa zamu yangu ya kusimama darasani. Nilimwomba Mwalimu Axel ruhusa ya kuleta mgeni mmoja. Baba akaja kutoka kazini, na koti lake, akakaa nyuma kabisa. Nilipoanza sauti ikajificha kama kawaida. Halafu mwanga wa projekta ukampiga, na mistari ya koti lile ikawaka nyeupe darasa zima. Kila nilipobadilisha picha, baba anawaka. Nikawa nazungumza na ile mistari.

Nilipofika kwenye kisa cha baraza nikasema: Kleanthes alileta mashahidi wawili wa kazi yake. Mimi nimeleta kazi yenyewe. Yule ni baba yangu, anasafisha ndege, na hesabu zote mnazonakili kwangu ni zake. Wakageuka wote. Baba akasimama wima, kama yuko kanisani. Eve ndiye aliyeanza kupiga makofi. Kisha kijana mmoja akauliza kama Kleanthes alimrithi Zeno kweli. Nikajibu ndiyo, yule punda ndiye aliyeachiwa shule, akaiongoza miaka thelathini hivi. Nilitumia dakika kumi na nne.

Picha iko ndani ya bahasha. Utaona doa la kahawia kwenye mstari unaong'aa, begani. Mama alimwambia koti la namna hiyo halipigwi pasi, linaungua. Baba akasema, "Hili linakwenda ukutani kwa baba yangu." Akalipiga pasi.

Mama yako,
Benedicta